Naomba ushauri wa tasnifu: nichukue Korea au ardhi ya Pwani?

Mwanafunzi wa Tudor
Assalaam alaykum ndugu zangu. Ninasomea uchumi hapa Mombasa, na tasnifu yangu inachunguza jinsi taasisi za kisiasa zinavyoamua nchi itajirike au idumae, mada iliyowapa Daron Acemoglu, Simon Johnson na James Robinson Tuzo ya Nobel mwaka 2024. Msimamizi anataka mfano mmoja niuchimbe hadi mwisho. Ninasita kati ya Korea mbili na sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliyotumika hapa Pwani. Mnanishauri nini?

Mkaazi wa Kisauni
Mdogo wangu, shika Pwani. Sheria ile ilimtaka kila mwenye madai ayawasilishe serikalini, na ardhi ambayo haikudaiwa ikawa ya Mfalme wa Uingereza. Wamijikenda wengi, ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo wala haikuwa na karatasi, wakajikuta maskwota mahali walipozikwa babu zao. Athari ingalipo: hapa mjini mtu humiliki kuta na paa, huku kiwanja ni cha mwingine anayelipwa kodi ya ardhi. Nyumba kama hiyo ni vigumu kuiweka rehani benki, na mwenyewe huogopa kujenga ya mawe kwa sababu akifukuzwa hawezi kuibeba. Fuata mnyororo huo hatua kwa hatua, msomaji aone sheria ikigeuka umaskini.

Mwalimu Mstaafu
Naunga mkono, ila Korea usiitupe. Ilipogawanywa mwaka 1945, viwanda vizito vilikuwa zaidi kaskazini, kwa hiyo Kusini haikutangulia kwa mtaji. Mageuzi ya ardhi ya mwaka 1950 huko Kusini yaliwapa wakulima wapangaji mashamba waliyoyalima, na wenye ardhi wakabakishiwa takriban hekta 3, ilhali kwetu uhuru wa 1963 haukuzifuta hati za kikoloni. Linganisha hapo. Lakini usiandike kwamba demokrasia ndiyo iliyoikuza Kusini: Jenerali Park Chung-hee alitwaa madaraka kwa mapinduzi ya 1961, akatawala kwa mkono wa chuma, na uchumi ukapaa. Tenganisha haki ya mali na haki ya kura, la sivyo watahini watakubana.

Mwanafunzi wa Tudor
Shukran sana. Nitashika Pwani, na Korea iwe sura ya ulinganisho. Kumbukumbu za ardhi za enzi ya ukoloni nianze kuzitafuta wapi?

Mkaazi wa Kisauni
Anzia Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Nairobi, na ubebe barua ya chuo.