Kufinyanga chombo cha majivu yangu nikiwa hai

Mfinyanzi wa Nairobi
Ndugu zangu, nimeieleza familia yangu kwamba nikifa mwili wangu uteketezwe, kama ulivyoteketezwa mwili wa Profesa Wangari Maathai katika tanuri la Kariokor mwaka 2011. Kwa kuwa ninafinyanga, ningependa kukitengeneza mwenyewe chombo kitakachotiwa majivu yangu, kwani nadhani kazi hiyo itanikalisha na wazo la kifo, ambalo kila likinijia hulikwepa. Kiwe na ukubwa gani? Je, yupo aliyeifanya kazi hii akaona imembadilisha?

Fundi Tanuri
Majivu ya mtu mzima huwa na uzito wa kilo 2 hadi 3 hivi, na chombo cha lita 3.5 huyatosha. Lakini udongo husinyaa unapokauka na unapochomwa. Ukisinyaa kwa asilimia 10 kila upande, ujazo hupungua kwa zaidi ya robo, hivyo kikiwa kibichi kiweze kuchukua karibu lita 5. Kifuniko ukifinyange siku hiyo hiyo na kikauke kikiwa mahali pake, ili visinyae pamoja. Nimewafinyangia wateja vyombo hivi, na kwangu tafakari imo katika kipimo kuliko nakshi. Unapomimina mchele ndani ili kukipima, ukafikiri kwamba mtu mwenye sauti, madeni na watoto ataenea humo, mikono yenyewe hupunguza kasi.

Mama Salha, Tanga
Sisi Waislamu tunazika, kwa hiyo chombo hiki si desturi yetu, ila udongo naujua, na Sura ya Ar-Rahman hunikumbusha kwamba mtu aliumbwa kwa udongo unaolia kama chungu. Ndugu yangu, kabla ya ukubwa, amua kama utakichoma. Udongo usiochomwa ukifukiwa penye maji hurudi kuwa tope. Ukishapita joto la nyuzi 600 hivi haurudi tena, na hata ukivunjika, vigae vyake huweza kukaa ardhini maelfu ya miaka. Anayekubali kweli kwamba ataondoka, naona angekiacha kibichi.

Fundi Tanuri
Mama Salha, hapo natofautiana nawe kwa heshima, kwa sababu wenye kukitumia chombo hiki ni waliobaki. Huko Japani, ambako takribani maiti zote huchomwa, jamaa huokota mifupa kwa vijiti, wakianzia miguuni, wakaitia katika mtungi wa kauri, na mara nyingi mtungi huo hukaa nyumbani majuma kadhaa kabla ya kuzikwa. Chombo kibichi kinaweza kumvunjikia mtoto wa marehemu mikononi.

Mfinyanzi wa Nairobi
Nawashukuru nyote wawili. Nitawauliza kwanza wanangu kama wanataka kitu cha kukaa nacho au cha kufukia chini ya mti, na hayo ndiyo mazungumzo niliyoyaogopa kuliko yote. Wakichagua kufukia, nitakiacha kibichi na kukiweka pasipo unyevu. Wakichagua kukaa nacho, nitakichoma. Kwa sasa naponda vigae vya kuchanganya na udongo, maana kwa vyovyote vile vitahitajika.