Vilima vya mchanga Shela, kisiwani Lamu: vigawanywe viwe na wenyewe ama vibaki vya wote?

mwana_shela: Asalaam aleikum jamaa. Kuna jirani yangu ameshika plot kule vilimani, anasema watu wakipewa hati mchanga utachungwa, maana cha wote kila mtu anatupa taka na kwenda zake. Na kweli taka naziona kila nikipita na punda. Lakini maji matamu yako chini ya vilima hivyo, nyumba zikijaa kule tutanywa wapi? Kisima chetu cha nyumbani kimeanza munyu, chai ya maziwa inakatika, mama anaomba ndoo kwa jirani.

fundi_dau: Mimi niko na jirani yako. Mikoko ilikuwa ya wote, tukakata boriti tukauza, ukimwambia mtu apande anakuuliza kwani ni shamba langu? Serikali ilipofunga ukataji 2018 watu wakalala njaa. Ningekuwa na kipande changu ningepanda wallahi.

binti_pate: Kaka fundi nakuelewa, tena hoja yako aliitoa Garrett Hardin, mwanabiolojia wa Marekani, 1968 kwa mfano wa malisho, kila mtu anaongeza ng'ombe mpaka nyasi zinaisha. Lakini baadaye mwenyewe alikubali alimaanisha malisho yasiyo na usimamizi. Elinor Ostrom, mtafiti wa Marekani, alipata Nobel ya uchumi 2009 kwa kuonyesha watu wanaweza kutunza cha pamoja wakijiwekea sheria zao. Kwetu Pate kina mama wa pweza hukubaliana kufunga mwamba usivuliwe miezi kadhaa, hakuna mwenye hati ya mwamba, na ukifunguliwa pweza ni wakubwa.

Halafu maji si mkoko. Mvua inanywewa na mchanga, maji matamu yanakaa juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi, yote ni tungi moja chini ya plot zote. Mwenye hati akichimba choo au akavuta kwa pampu usiku kucha, munyu unaingia kwako wewe ambaye hujamkosea kitu, na ukuta wake hauzuii, na mji wa Lamu unategemea sana visima vya hapo!

mzee_wa_baraza: Wanangu, fundi asipuuzwe, cha wote bila mtu wa kumwambia mwenzake "hapana" kinaisha. Kuna Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, jamii inaweza kusajili ardhi kwa jina lake na kuchagua kamati. Ulizieni kama vilima vinaingia humo, mapema, kabla mawe hayajashushwa.

mwana_shela: Shukran sana ami. Ijumaa baada ya swala naenda na baba kwa mzee wa mtaa, nabeba chupa mbili, moja ya kisima chetu moja ya vilimani, waonje wenyewe.