Mahamali wa Malindi kwa mtindo wa Monet: mbona watu wanatoka vijiti?

Kitambaa Kikavu: Assalaam alaykum wachoraji. Picha ni ya mahamali wakishusha mizigo jahazini Malindi, hii ya Mji Mkongwe, Unguja. Kigezo ni Les Déchargeurs de charbon ya mchoraji Mfaransa Claude Monet, 1875, makuli wa makaa ya mawe kwenye mto Seine, pale Asnières karibu na Paris. Turubai sentimita 50 kwa 60, rangi za mafuta. Watu wanatoka kama vijiti vya kibiriti na vivuli vyote tope. Kosa liko wapi?

Bint Shangani: Waalaykum salaam. Umeanza na watu, na kwa Monet kinachobeba picha ni mabao ya kupitia. Yametoka kwenye matishari, zile mashua bapa za mizigo, hadi ukingoni, membamba, na makuli wanafuatana juu yake, wenye shehena wakienda, wenye vikapu vitupu wakirudi. Hakuna sura inayosomeka. Vuta mabao kwanza kwa rangi iliyolainishwa na tapentaini, kisha kila mtu mapigo matatu ya brashi bapa: mzigo, kiwiliwili, miguu. Miguu iwe pigo moja. Ukiitenganisha, kijiti hicho. Mwenye mzigo shingo haionekani na goti limekunjika.

Tope ni ile nyeusi ya tyubu. Iache nyumbani. Buluu ya ultramarini na siena ya kuchomwa, ile kahawia nyekundu, nusu kwa nusu, zinatosha kutoa giza. Ukizidisha siena kivuli kinapata joto. Pigo likishakaa usilirudie, rangi mbichi ya chini itapanda.

Maji Mafu: Asnières bahari haifiki, Malindi maji yanakupwa. Siku za bamvua, maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti ya kujaa na kupwa ni kama mita 4, na katika saa ya tatu na ya nne tangu yaanze kupwa yanashuka karibu mita nzima kila saa. Bao lililokuwa limelala linainamia jahazini, nawe bado unachanganya rangi! Maliza mabao na jahazi ndani ya nusu saa, usiyasahihishe tena. Na nenda alasiri: bahari iko magharibi, asubuhi jua linawapiga watu usoni na rangi za mashati zitakuvuruga.

Kitambaa Kikavu: Ahsanteni. Kule juu Monet ana daraja linalofunga picha. Hapa niweke nini?

Bint Shangani: Foromali ya jahazi, ule mti unaofungiwa tanga, ikate pembe ya juu kwa mshazari. Itie mwisho, na rangi hiyo iwe na mafuta mengi kuliko ya chini, la sivyo itapasuka.