Kikundi cha majirani wa Nguba, Bukavu: kansa ikishafika kwenye ini

*Mama Neema:* Habari za jioni, wapendwa. Kuna familia hapa mtaani inauliza. Mgonjwa ana miaka 58, kansa ya utumbo mpana. Skana imeonyesha vivimbe 5 kwenye ini, kulia na kushoto. Wameambiwa "imeshatawanyika" basi. Dokta Baraka, Yaya Solange, hilo ndilo neno la mwisho?

*Dokta Baraka:* Jioni njema, Mama Neema. Bado si la mwisho. Damu karibu yote ya utumbo hupitia kwenye ini kwanza, kwa mshipa wa porta, ndipo iende mahali pengine mwilini. Kwa hiyo kansa ya utumbo mpana inaweza kukamatwa palepale kwenye ini na kukaa hapo muda. Wagonjwa wanaoweza kupasuliwa moja kwa moja ni wachache, kama 1 au 2 kati ya 10. Lakini kwa hao, vivimbe vikitoka vyote, karibu 4 kati ya 10 au zaidi huwa hai baada ya miaka 5. Ndiyo maana "imeshatawanyika" peke yake haitoshi kufunga faili.

*Papa Christian:* Dokta, sisi wauguzi tulifundishwa: vivimbe visizidi 3, visipite sentimita 5. Hapa viko 5.

*Dokta Baraka:* Kanuni hiyo ni ya zamani, Papa Christian. Ilihesabu kinachotolewa. Leo mpasuaji wa ini anahesabu *kinachobaki*.
Ini lina sehemu 8. Anauliza: naweza kutoa vivimbe vyote, pamoja na ukingo wa ini lisilo na kansa kuvizunguka? Zamani walidai sentimita 1, leo hata milimita 1 safi inakubalika. Halafu: zitabaki angalau sehemu 2 zinazopakana, zenye damu inayoingia, damu inayotoka na njia ya nyongo? Kimoja cha hivyo vitatu kikikosekana, kipande kilichobaki kinakufa hata kama ni kikubwa.
Mwisho, kinatosha? Ini zima ni kama 2% ya uzito wa mwili. Mtu wa kilo 60 ana ini la kilo 1.2 hivi. Kama lina afya kabisa, ibaki angalau 20%, yaani gramu 240. Kama limekula shimio (dawa kali za kuua kansa) kwa miezi, 30%. Kama lina sirosi, yaani makovu, 40%.

*Dokta Baraka:* Kwa hiyo vivimbe 5 vidogo vilivyo pembeni vinaweza kutolewa kimoja kimoja, na kivimbe 1 kilichoshika mishipa yote 3 inayotoa damu kwenye ini kikashindikana.

*Yaya Solange:* Naongeza upande wa picha, maana hapo ndipo mambo mengi huharibika. Skana isiyo na dawa ya mshipani haitoshi kuamua. Inatakiwa dawa ya kontrasti, na picha zipigwe kwa awamu: damu ya ateri, kisha ya porta, kisha baadaye. Vivimbe vya ini vilivyotoka utumboni huonekana vizuri zaidi awamu ya porta. Kreatinini ipimwe kabla, kwa ajili ya figo. Kifua na nyonga vipigwe pia. IRM ya ini (picha ya sumaku), ikipatikana, inaona vile vya chini ya sentimita 1 ambavyo skana inaruka.
Na tafadhali waombe *CD ya picha*. Hakuna anayepasua kwa kusoma karatasi ya majibu tu. Mpasuaji anataka kuona mwenyewe mshipa uko wapi.

*Papa Christian:* Na biopsi ya ini, kuchukua kipande kwa sindano kikapimwe?

*Dokta Baraka:* Kama kansa ya utumbo imeshathibitishwa kwa kolonoskopi (kamera ya utumbo mpana) na picha ya ini ni wazi, msichome sindano kabla mpasuaji hajasema. Sindano inaweza kumwaga chembe za kansa njiani inapotoka.

*Mama Neema:* Wamepangiwa kuanza shimio wiki ijayo. Waanze tu, halafu upasuaji utaangaliwa baadaye?

*Dokta Baraka:* Hapana Mama, *picha zionwe kwanza*. Hapa ndipo naumia sana. Mgonjwa anapewa shimio miezi 8, ndipo watu wanakumbuka upasuaji. Kati ya dawa za shimio, oksaliplatini inaharibu vimishipa vidogo vya ini, irinotekani inalijaza mafuta. Ini la namna hiyo hutoka damu nyingi mezani na hushindwa baadaye.
Tena kivimbe kikipotea kwenye skana, si lazima kiwe kimekufa. Mara nyingi chembe hai bado ziko, na mpasuaji hajui tena akate wapi.
Shimio ni nzuri, na inaweza kupunguza vivimbe vilivyoshindikana mpaka vikatolewa. Ila wapige skana kila miezi 2, na siku vinapotoleka, wasimame. Wiki 4 hadi 6 za kupumzika, kisha upasuaji. Kama kulikuwa na dawa ya bevasizumabu ndani, zisipungue 6, kwa sababu inachelewesha vidonda kupona.

*Papa Christian:* Na kipande cha kushoto kitakachobaki kikiwa kidogo mno?

*Dokta Baraka:* Wanaziba tawi la kulia la porta kwa njia ya sindano. Damu inageukia kushoto, kushoto kunakua ndani ya wiki 3 hadi 6. Au wanapasua mara mbili. Kivimbe kilicho ndani sana, chini ya sentimita 3, kinaweza kuchomwa kwa joto kama hakijagusa mshipa mkubwa. Hizo ni kazi za vituo vichache.

*Yaya Solange:* Ndiyo maana nasema CD isafiri kabla ya mgonjwa. Kigali, Kampala, Nairobi au Kinshasa, picha zitumwe kwanza. Nauli ya watu wawili na hoteli ni pesa nyingi za kwenda kuambiwa "hapana".

*Mama Neema:* Hapana yenyewe inatoka wapi, Dokta?

*Dokta Baraka:* Kansa ikiwa kwenye utando wa tumbo, mifupa, au tezi za limfu za mbali. Vidoa vichache vya mapafu havizuii, vinaweza kutolewa baadaye. Pia mgonjwa asiyeweza kujihudumia. Macho ya njano, watafute sababu kwanza.
Na haya yote ni ya kansa ya utumbo mpana na rektamu (mwisho wa utumbo). Ya mfuko wa chakula au kongosho ikifika kwenye ini, kwa kawaida haipasuliwi. Ile inayoanzia kwenye ini lenyewe, ya homa ya ini B na karanga zenye ukungu, ina njia yake nyingine kabisa.

*Mama Neema:* Aksanti sana. Niwaambie nini usiku huu?

*Dokta Baraka:* Wamuulize daktari wao: mpasuaji wa ini ameona picha? Ini litakalobaki ni asilimia ngapi? Na kipimo cha damu cha ACE (alama ya kansa ya utumbo) kichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza, tuwe na pa kulinganishia.

*Yaya Solange:* CD iombwe kesho asubuhi, kwa jina kamili na tarehe ya skana. Wachukue nakala 2.

*Mama Neema:* Naenda kwao sasa hivi.