Tupeane uzoefu: kumlinda mtoto mwenye ualbino shuleni bila kumtenga

Mleta mada
Wakuu, habari za saa hizi. Shule nyingi humpokea mtoto mwenye ualbino kwa nia njema, halafu nia hiyohiyo ndiyo inayomtenga. Wenzake wakienda michezo yeye anaachwa darasani alinde mabegi, zamu ya usafi hapewi, na mwaka unaisha hana rafiki. Wanaojua macho, ngozi, ualimu na cherehani, wekeni hapa vinavyofanya kazi. Vipimo na sababu, tafadhali. Na majina ya dharau, "zeruzeru" na "dili", yabaki nje ya uzi huu.

Mwalimu wa elimu maalumu
Wengi wanadhani akishapewa miwani kazi imekwisha. Hapana. Upungufu wa melanini (rangi asilia ya ngozi, nywele na macho) hufanya ile sehemu ya retina, pazia la nyuma ya jicho, inayoona vitu vidogo isikomae tangu tumboni, kwa hiyo hata miwani sahihi inamwacha na uoni hafifu. Akisogeza daftari hadi karibu na pua, mwacheni. Macho hayaharibiki kwa hilo. Tena macho yake huwa yanachezacheza, na wengi hupata pembe moja ambayo yakifika hapo yanatulia kidogo. Ndiyo maana anainamisha kichwa upande. Mwalimu anayemfokea "kaa sawa, tazama mbele!" anamnyang'anya uwezo wa kusoma.

Akae safu ya mbele, katikati, dirisha lisiwe usoni pake. Ubao uliopauka upakwe rangi upya. Chaki iwe nyeupe au ya njano, maana nyekundu na bluu haoni kitu. Kisha jambo lisilogharimu hata senti: tamka kila unachoandika. "Hii ukijumlisha na hii unapata hii" ni somo la wanaoona tu. Sema "saba jumlisha tano". Apewe ruhusa ya kudumu kusogea ubaoni bila kunyoosha kidole, na jirani yake wa dawati amwazime daftari.

Karatasi za kusoma: herufi ukubwa wa 18 kwenda juu. Fotokopi ya A4 ikikuzwa kuwa A3, herufi ya 12 inakuwa kama ya 17, inakaribia. Kwa mtihani wa taifa, NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) huandaa karatasi za maandishi makubwa na nyongeza ya muda, lakini shule isipoonyesha uoni hafifu wakati wa usajili, mtoto anakutana na karatasi ya kawaida siku yenyewe.

Muuguzi, kliniki ya ngozi
Losheni ya kuzuia jua iwe SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 au zaidi. Ipakwe nusu saa kabla ya kutoka, irudiwe kila baada ya saa 2 akiwa nje, na kila baada ya jasho jingi. Kosa kubwa ni kuibania. Kwa uso na shingo, jaza mstari wa losheni kwenye urefu wa vidole viwili. Masikio, kisogo, midomo na mgongo wa mikono husahaulika, na huko ndiko vidonda huanzia. Mawingu yasiwadanganye. Chupa isikae dirishani wala chini ya bati, joto huiharibu. Kilisun, losheni iliyoanzia hospitali ya KCMC Moshi, iliundwa kwa ajili ya ngozi hii hasa.

Kidonda kisichopona wiki 4, hospitali. Msijaribu mafuta ya dukani.

Fundi cherehani
Kapelo haifai, inaacha masikio na kisogo. Shona pama yenye ukingo wa sentimita 8 hadi 10 kuzunguka kote. Kitambaa kiinue kwenye mwanga: ukiona vidole vyako upande wa pili, na jua linapita. Shati jeupe lililochakaa ni kama hajavaa kitu, likilowa ndiyo kabisa.

Mchangiaji
Lakini akivaa pama peke yake mstarini si ndiyo kumtenga kwenyewe?

Mwalimu wa elimu maalumu
Swali zuri. Mkuu wa shule aandike katika kanuni za sare kwamba kofia na mikono mirefu vinaruhusiwa kwa *kila* mwanafunzi. Wakishavaa kumi, hakuna anayemtazama mmoja. Mstari nao uhamie kivulini kwa wote.

Mwalimu wa michezo
Hamisheni kipindi badala ya kumhamisha mtoto. Kabla ya saa 3 asubuhi au baada ya saa 10 jioni jua limepungua makali. Mpira uwe wa rangi kali, njano au chungwa, anauona mapema. Zamu ya usafi apewe: kufagia darasa, kumwagilia alfajiri. Kufyeka saa 6 mchana, hapana.

Muuguzi, kliniki ya ngozi
Nyongeza kwenye kikao cha wazazi, maana utani wa watoto huanzia nyumbani. Ualbino hauambukizi kwa kikombe wala dawati. Wala mama "hakutembea na mzungu": kwa kawaida baba na mama wote wawili wamebeba chembe ya urithi ya ualbino bila kujua, na kila mimba yao ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuwa mtoto mwenye ualbino. Lisemeni akina baba wakiwepo.