Laini mbili, bili mbili, kasi ya laini moja: wauzaji wa intaneti Kisumu, acheni kutudanganya

Wadau, nimekasirika, kwa hivyo mnivumilie.

Niko Mamboleo hapa Kisumu. Kazi yangu ni kuhariri video za harusi na mazishi, kisha nazipakia ili jamaa walio Marekani na Uingereza wazione. Video ya mazishi inafika GB 30 bila shida. Kwa faiba ya Mbps 20, faili kama hilo linachukua zaidi ya saa tatu, na hapo ni mtandao ukikaa sawa. Duka moja mjini likaniambia nivute laini ya pili ya Mbps 10 kutoka kampuni nyingine, halafu ninunue rauta yao inayopokea laini mbili. "Zinajumlishwa, unapata 30." Kijana alitamka hivyo mbele ya wateja, bila kupepesa macho.

Uongo mtupu!

Rauta hiyo haijumlishi kitu, inagawa tu. Watoto wakitazama katuni sebuleni wanapitia laini moja, wewe unapitia nyingine. Hapo inasaidia, sikatai. Lakini faili moja linalopakiwa kwa kawaida ni muunganisho mmoja, nao hupita laini moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Abiria mmoja hapandi matatu mbili kwa wakati mmoja. Kwa hivyo video yangu bado inakwenda kwa 20, au kwa 10 rauta ikiamua hivyo, na bili mbili zinakuja kila mwezi.

Niliporudi kulalamika wakaniambia niache rauta, nichomeke waya wa laini moja kwenye kompyuta, nyingine niishike kwa waifai, eti kompyuta itatumia zote. Wewe uliyeambiwa hivyo, fungua Task Manager, programu ya Windows inayoonyesha kompyuta inavyofanya kazi, sehemu ya utendaji, utazame wakati faili linapanda. Grafu ya waya inapanda na kushuka, ya waifai imelala chini kabisa. Windows huzipa njia alama, na yenye alama ndogo ndiyo hubeba mzigo. Alama hizo zinatokana na kasi ya kiungo kati ya kompyuta na rauta, si kasi ya intaneti inayoingia nyumbani. Ndiyo maana waya uliounganishwa na laini dhaifu unaweza kuishinda waifai yenye laini nzuri. Muuzaji wa vifaa vya mtandao asipojua hili, anauza nini?

Halafu kuna benki. Rauta ikirusha ombi moja laini hii na linalofuata laini ile, tovuti inaona anwani mbili tofauti na inakufukuza katikati ya muamala. Dawa ipo: ni kuiambia rauta tovuti hiyo ipite laini moja tu. Fundi wao alisema kompyuta yangu ina virusi, akataka pesa aisafishe!

Kuunganisha laini kikweli kunawezekana. Teknolojia ya MPTCP, inayouwezesha muunganisho mmoja kupita laini zaidi ya moja, ilichapishwa mwaka 2013, na Apple wakaitumia kwa Siri, msaidizi wao wa sauti, mwaka huohuo. Lakini lazima seva ya upande wa pili nayo iikubali. La sivyo unahitaji seva ya katikati inayopokea vipande kutoka laini zote mbili na kuviunganisha, na hiyo mara nyingi unailipia. Hakuna aliyenitajia gharama hiyo.

Lililonichoma zaidi ni nguzo. Kabla ya kulipia laini ya pili niliuliza wahudumu wa kampuni: njia yenu ni tofauti na ya hawa wengine? Wakajibu, tuna njia yetu wenyewe. Juzi lori likagonga nguzo barabarani, laini zote mbili zikafa dakika ileile. Nikatoka kutazama. Waya mbili nyeusi, zimefungwa pamoja kwa mkanda mmoja, kwenye nguzo ileile iliyolala mtaroni. Mteja wangu alikuwa anangoja video ya mazishi ya mamake.

Nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika Mei 2024, intaneti ilidorora Afrika Mashariki, na hilo naelewa, bahari haina mwenyewe. Nguzo ya hapa mtaani ina mwenyewe, na aliyenijibu alikuwa na wajibu wa kujua.

Katiba yetu, ibara ya 46, inampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na alichonunua. Mimi nilipewa hesabu ya kujumlisha ya darasa la kwanza, tena ya uongo. Risiti ya rauta ninayo na nataka pesa zangu. Kampuni nayo initumie kwa maandishi ramani ya waya wao hadi nyumbani kwangu, au inirudishie ada ya kuunganishwa.

Mlio Migosi, Milimani, Nyalenda, hata Nakuru na Kakamega, mliouziwa hii hesabu ya kujumlisha, andikeni hapa mliambiwa nini na mlilipa ngapi. Na kama waya zenu mbili zinatoka nguzo moja, pigeni picha muweke.