Msibani, sokoni, kwenye daladala: kwa nini watu hawakai mbalimbali hata wakiijua hatari?

Mpangaji_Temeke:
Habari wanajukwaa. Kamati ya afya ya kata huku Temeke inaandaa mpango wa kujikinga na milipuko ya magonjwa, na kipengele cha watu kukaa mbalimbali kinatushinda. Mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19, alama zilichorwa chini, vipaza sauti vikapita mitaani, kila mtu akaijua mita moja. Lakini mtu yuleyule anayemkwepa mgeni akikohoa kituoni, jioni anakwenda msibani na kukaa bega kwa bega kwenye mkeka. Elimu anayo, ukimuuliza anajibu vizuri kabisa. Sasa shida iko wapi, na tuandike nini kinachotekelezeka kwa bajeti ya kata?

Saikolojia_Jamii:
Mkuu, jibu umelitaja mwenyewe: mgeni anamkwepa, jamaa hamkwepi. Hatari haipimwi kwa sentimita, inapimwa kwa undugu. Watafiti wa Australia, akiwemo Tegan Cruwys, wameonyesha kwamba ukimhesabu mtu kuwa wa kundi lako, uwezekano wa kuambukizwa naye unauona mdogo. Kwa mgeni ni kinyume. Mark Schaller wa Canada ameeleza jinsi kikohozi, kipele au hata ugeni tu unavyomfanya mtu ajihami kabla hajafikiri. Kinga hiyo inakosea pande zote mbili: inamwonea mgeni mzima, na inampitisha shangazi mwenye virusi ambaye dalili bado hazijaanza. Na UVIKO-19 unaambukiza hata kabla ya dalili.

La pili ni macho ya watu. Utafiti wa Bahar Tunçgenç na wenzake wa mwaka 2021, uliohusisha watu zaidi ya 6,000 kutoka nchi zaidi ya 100, ulikuta kwamba mtu hufuata masharti akiona watu wake wa karibu wanayafuata, na jambo hilo lina nguvu kuliko maoni yake mwenyewe juu ya masharti hayo. Kwa hiyo futeni kabisa matangazo ya aina ya "wananchi wengi wanapuuza". Anayeyasikia anaelewa kwamba kupuuza ndiyo kawaida. Waanze shehe, mchungaji na mwenyekiti wa mtaa, tena hadharani.

Halafu salamu. Ukisema tu "msipeane mikono" umemwacha mtu njia panda, maana mkono ukishanyooshwa, kuukataa ni dharau. Anayejikinga aanze yeye, akiwa bado hatua tatu mbali: kiganja kifuani, ainame kidogo, aite jina, aulize habari za nyumbani bila haraka. Shikamoo haihitaji kugusana. Kinachowaumiza watu ni salamu iliyokatwa, na hiyo inafidiwa kwa maneno.

Foleni_Sokoni:
Niongeze upande wa foleni, kwa sababu alama za rangi hulaumiwa bure. Watu hawabanani kwa kuisahau mita moja. Wanabanana kuilinda zamu, kwani ukiacha pengo kuna mtu atachomekea. Mwili ndio unaotumika kama kufuli. Ondoeni hofu hiyo na pengo litakaa lenyewe.

Tumieni vibao vya namba. Plastiki ngumu, namba kwa rangi ya mafuta (kalamu ya wino inafutika ikioshwa), vibao 40 vinatosha dirisha moja. Mtu akifika anachukua namba, anakwenda kusimama kivulini popote, anaitwa kwa watanowatano. Kibao kikirudi kinatumbukia kwenye ndoo ya maji ya sabuni, kinasuguliwa na kukaushwa ndipo kitoke tena. Kisipite mkono kwa mkono.

Mkichora alama, wekeni mita 1.5 kutoka katikati ya alama moja hadi nyingine, siyo 1. Mtu ana upana wake na kapu lake, mita moja ya kuchora inabaki nusu mita ya kweli. Kwa mita 30 mnapata alama 21. Huduma ikichukua dakika mbili kwa mtu, wa mwisho anangoja dakika 40, na juani hakuna atakayevumilia. Ongezeni dirisha kwanza, rangi baadaye.

Utaratibu wa "level siti", yaani daladala kubeba abiria wa kukaa tu, ulivunjika kwa sababu kama hiyo. Hesabu ya tajiri, yaani fedha anayopelekewa mwenye gari kila siku, haikupungua, ila abiria walipungua. Konda hakuwa mkaidi, alikuwa na deni la jioni. Na hata wakikaa wote, kwenye kiti cha wawili mabega yanagusana, kwa hiyo cha maana zaidi ni vioo wazi pande zote mbili, hewa ipite.

Mpangaji_Temeke:
Nashukuru sana. Na msibani? Hapo ndipo penye ugumu, hakuna anayethubutu kumwambia mfiwa apunguze watu.

Uwani:
Msimwambie apunguze watu, punguzeni muda na msongamano. Anayekuja msibani anataka mambo mawili: kumshika mkono mfiwa na kuonekana kwamba alikuja, maana asipoonekana siku yake atazikwa na nani? La kuonekana linashikwa na daftari la rambirambi mlangoni. Karani aandike jina na mtaa kwa sauti, mtu asikie ameandikwa. Hapo anaweza kuondoka baada ya nusu saa bila kujisikia mkosaji.

Mikeka iondoke, vije viti vya plastiki. Mkeka hauna mpaka, kila "sogea kidogo ndugu yangu" inaongeza mtu mwingine. Msipange kiti kimoja kimoja lakini, vitasogezwa ndani ya dakika kumi kwa sababu watu wanataka kunong'ona. Pangeni kwa kaya: wanaolala nyumba moja wakae pamoja, kisha mita mbili hadi kaya nyingine. Turubai lisiwe na kuta. Chakula kila mtu sahani yake, sinia la pamoja lisubiri.

Mfuatiliaji_Milipuko:
Yote mazuri, ila msiandike sharti moja kwa magonjwa yote. Kipindupindu, kama kile kilichoanza Dar Agosti 2015, kinapita kwenye maji na chakula. Hapo mita moja haimkingi mtu, kinachomkinga ni choo, maji yaliyochemshwa na sabuni kabla ya kula. Marburg ya Kagera, 2023 na 2025, inapita kwa majimaji ya mwili, kwa hiyo hatari kubwa ni kumuuguza mgonjwa na kumwosha maiti, siyo kupishana na mtu sokoni. Mpox ni hasa ngozi kwa ngozi. Watu wakilazimishwa sharti wanaloona halihusiani na ugonjwa wenyewe, wanaliacha pamoja na yale ya maana.

Kwa waliowekwa karantini nyumbani, mapitio ya Samantha Brooks na wenzake ya mwaka 2020, yaliyopitia tafiti 24, yanataja vinavyowavunja watu: muda mrefu, mahitaji kukosekana, taarifa finyu na unyanyapaa. Kwa hiyo siku ya kwanza mpeni karatasi yenye tarehe ya mwisho. Kwa Marburg ni siku 21 tangu alipokutana na mgonjwa mara ya mwisho, na msiziongeze bila sababu iliyoelezwa. Unga, mkaa, maji na vocha vifike kabla hajaviomba, vikiletwa na jirani anayemfahamu, si na gari lenye king'ora. Kwenye nyumba ya kupanga yenye choo kimoja, yeye aingie wa mwisho asubuhi na jioni, kisha pasafishwe kwa klorini ya asilimia 0.5. Kama chupa imeandikwa asilimia 3.5, hiyo ni sehemu 1 ya dawa kwa sehemu 6 za maji, ichanganywe kila siku upya.